Kijiwe cha kahawa kivunjwe au kibaki? Kura ni Alhamisi

Mjumbe wa Mwembeni ameandika:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanamke, mjumbe wa kamati ya mtaa, upande wa Temeke, Dar es Salaam. Mtaa wenyewe sitautaja. Alhamisi hii tuna kikao, na ajenda mojawapo ni kijiwe kilicho chini ya mwembe, pembeni ya njia inayoshuka sokoni. Pana mabenchi mawili ya mbao, la tatu ni gogo, na bao lililopasuka ubavuni. Muuza kahawa anafika saa kumi. Ikigonga kumi na moja hupati pa kukaa.

Kuna mtu ameomba eneo lile ajenge fremu nne za maduka, na ameahidi kuchangia ukarabati wa ofisi ya mtaa. Wenzangu wengi wameshakubali moyoni, nawaona. Wanasema pale ni pa wavivu, watu wazima wanashinda kusema serikali na mpira, na vijana wanajifunza kuropoka. Aliyepinga ni mmoja tu, mwalimu mstaafu. Akasema, "Pale ndipo uwanja wetu wa umma. Mkipavunja mtabaki na ofisi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumwelewa pia, maana uwanja wa umma ninaoujua ni wa mpira, au Mnazi Mmoja siku ya sherehe.

Nakiri kitu kimoja. Nimeishi mtaa ule miaka kumi na minne, napita pale kila siku na kikapu changu, na sijawahi kukaa hata dakika moja. Nikikaribia wananyamaza, wananisalimia kwa adabu, nikishapita wanaendelea. Leo natakiwa kupigia kura mahali nisipopajua.

Naomba mnisaidie: kijiwe kina kazi gani ambayo ofisi ya mtaa, Bunge, redio na makundi ya WhatsApp hayawezi kuifanya? Na tafadhali, siasa za vyama mziache mlangoni.

---

Msomi wa Mlimani:

Mwalimu wenu ametumia neno la darasani. Mwaka 1962 Mjerumani mmoja, Jürgen Habermas, aliandika juu ya hicho hicho: nafasi iliyo kati ya nyumba za watu na dola, ambapo raia wanakutana bila vyeo vyao, wanabishania mambo yanayowahusu wote, na rai inayotoka hapo inawabana watawala. Mfano wake mkubwa mmoja ni nyumba za kahawa za London, karne ya 17 na ya 18. Unalipa peni moja, unapata kikombe na gazeti, unabishana na mtu usiyemjua hata jina.

Mfalme Charles II zilimkera. Desemba 1675 akatangaza zifungwe zote kuanzia tarehe 10 Januari 1676. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba aliufuta mpango siku mbili kabla. Kwa hiyo kamati yenu haijaanzisha jipya.

Wengine wanaita uwanja wa umma, wengine uga wa umma. Mimi naona "baraza" lingetosha, ila wakubwa wa istilahi hawajaniuliza.

---

Dele la Zamani:

Mjumbe, pole na majukumu. Mimi nimeuza kahawa miaka kumi na tisa, tangu 1994 hadi 2013 magoti yaliponigomea. Naanzia Magomeni Mapipa, nashuka Jangwani, naingia Kariakoo, namalizia Gerezani. Vijiwe tisa kila jioni. Mkono mmoja dele, yaani birika la kahawa, na jiko lake la mkaa, kwenye kiwiko kindoo cha maji ya kusuuzia, mkono wa pili vikombe, navigonganisha. Mlio ule ndio tangazo langu, sikuwahi kupiga kelele.

Muuza kahawa hana upande. Ukiwa na upande unapoteza nusu ya vikombe. Kwa hiyo nilisikiliza tu, na nadhani hakuna mtu aliyesikiliza Dar es Salaam kama wauza kahawa. Nitakwambia nilichokiona, kizuri na kibaya, maana wanaokisifia kijiwe na wanaokitukana wote wamekaa kimoja tu, cha kwao.

Nianze na kibaya, kwa sababu mimi nimo ndani yake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, jioni moja pale Mapipa nilisikia kuna mwanamume ameonekana karibu na shule akipima watoto. Wakati ule habari za mumiani, wale wanaosemwa wananyonya damu za watu, zilikuwa hazijalala. Nilipofika Jangwani wakaniuliza, "Huko utokako kuna nini?" Nikawaambia. Kariakoo nikasema. Gerezani nikasema, na nikaongeza kidogo, naomba Mungu anisamehe, maana habari iliyonyooka haiuzi kahawa. Kesho yake naanza tena Mapipa, wananihadithia kama mimi mgeni: sasa ni wanaume wawili, wana gari jeupe, na wana chupa. Nilivibeba vile vitu viwili pamoja, dele na uvumi, na vyote vilikuwa vya moto.

Siku ya tatu kijana mmoja akapigwa Jangwani, mchana kweupe. Walimkuta na begi, na mfukoni ana futi ya kupimia. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ametumwa kupima watoto sare za shule. Hakufa, lakini meno ya mbele yalikwenda, na begi hakuliona tena. Nilimwona amekaa kando ya barabara, futi bado imening'inia mfukoni kama ulimi.

Sikuuza siku mbili. Niliporudi, kwenye kijiwe cha Jangwani kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, mtu wa maneno machache. Toka siku ile kila mtu akileta habari, mzee anauliza swali moja: "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, anauliza, "Na nani? Kamwite." Mwanzoni ilichosha. Watu walimkwepa. Vijana wakawa wanamwigiza, mmoja akisema Simba imefungwa, wote wanadakia, "Umeona au umeambiwa?" na kucheka. Dhihaka ikageuka mazoea, hadi mimi mwenyewe nikawa naogopa kufika pale na maneno yasiyo na mwenyewe.

Sasa WhatsApp. Nina simu, nimo kwenye makundi matatu. Aliyenitumia habari hajaketi mbele yangu na kikombe mkononi. Nikimuuliza umeona au umeambiwa, ananitumia kikatuni cha kulia.

Kizuri nacho nilikiona, na kilichukua karibu mwaka mzima.

Kwenye mtaa mmoja wa njia yangu kulikuwa na kisima cha mtaa, pampu ikaungua. Wakazi wakachanga. Baada ya miezi miwili ikabandikwa karatasi ya mapato na matumizi nje ya ofisi, na bei ya pampu imeandikwa pale. Watu walipita, wakasoma, wakaenda zao. Jioni kijiweni mtu mmoja akaitaja ile bei kwa bahati tu, na kumbe pembeni yake amekaa fundi wa pampu. Fundi akaweka kikombe chini. Akasema pampu ile Kariakoo ni nusu ya pesa hiyo.

Ubishi ulikwenda jioni nne. Wengine walimwambia fundi ana wivu kwa kuwa kazi hakupewa yeye, na kweli alikuwa na wivu, hakukataa. Mmoja akataka wakavunje mlango wa ofisi. Yule mwenye duka la mbao, aliyekuwa rafiki wa mwenyekiti, akatetea: kuna usafiri, kuna ufundi, kuna nyaya. Wakakubali hoja yake, wakakaa kuhesabu usafiri na nyaya kwa kijiti mchangani. Bado pesa nyingi ilikuwa haijulikani ilipo. Fundi akatumwa Kariakoo akachukue profoma, karatasi ya bei ya dukani, ya maduka matatu, isije ikasemwa ameiandika mwenyewe.

Halafu likaja swali ambalo nadhani ndilo jibu la swali lako, mjumbe. Yule mstaafu wa bandari, ambaye siku hizo alikuwa akivuka Jangwani kufuata bao, akauliza: "Nani anakwenda nayo mkutanoni?" Kimya. Maana wote tunajua mkutano mkuu wa mtaa. Mwenyekiti anaitisha, wanakuja watu kumi na mbili na mbuzi, mkutano unaahirishwa. Wale wale wanaojaza kijiwe kila jioni hawaonekani. Kijiweni kila mtu mbunge, mkutanoni hakuna mtu.

Wakajitolea saba. Wakaenda na profoma. Mwenyekiti akazitazama, akasema muda umekwisha, akafunga mkutano kwa dua. Mkutano uliofuata walikwenda zaidi ya arobaini, na mimi nikaenda, dele nikaliacha kwa jirani. Aliyezungumza hakuwa fundi, alikuwa yule mwenye duka la mbao, rafiki wa mwenyekiti. Alisoma hesabu ya usafiri na nyaya, taratibu, bila tusi. Hakuna aliyefungwa wala kuomba radhi. Baada ya wiki tatu ikabandikwa karatasi mpya, ile ya zamani haikuonekana tena, na bei ya pampu ilikuwa imeshuka. Kuna pesa "ilipatikana", ikanunua mabomba ya upande wa msikitini.

Kikao cha ofisi kisingeijua ile bei, maana fundi si mjumbe. Redio isingehangaika na pampu moja. Mtu mmoja peke yake, hata angekuwa fundi, angeonekana mgomvi. Ilibidi pawe na mahali ambapo fundi na rafiki wa mwenyekiti wanakunywa kwenye vikombe vilivyosuuzwa kindoo kimoja, wanabishana hadi rafiki mwenyewe anaridhika. Na ilibidi pawe na njia ya kutoka pale kwenda kule. Vijiwe saba kati ya tisa nilivyohudumia havikuwahi kuipata njia hiyo. Vilisema, vikacheka, vikalala. Sivilaumu, ila sitakudanganya kwamba kila benchi ni Bunge.

---

Fremu Nne:

Mimi nitasema wasichotaka kusema wengine. Fremu nne ni ajira nne, na kodi, na ofisi ya mtaa inapata bati. Kijiwe kitahamia kwingine, hakijawahi kukosa mwembe. Hizo hadithi za pampu ni za zamani, siku hizi ni kubeti na kusema wake za watu.

---

Saloni Namba Tatu:

Mzee wa dele, shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho, na hiyo futi mfukoni nimekosa usingizi nayo. Lakini hesabu watu wako: fundi, mstaafu wa bandari, mwenye duka la mbao, vijana wa mpira. Aliyekuwa anachota maji kwenye kile kisima ni nani? Siku zote nne za ubishi wa pampu, alikuwa wapi?

Simlaumu mjumbe kwa kutokaa pale. Mwanamke akikaa kijiweni jioni moja, kesho yeye ndiye ajenda.

Mimi nina saluni, viti vitatu na draya mbili, moja inafanya kazi. Nikuhadithie ya kwetu. Miaka kadhaa nyuma mteja mmoja alikuwa anasukwa, akasema alipokwenda kujifungua aliambiwa alete glavu, pamba na pesa ya kitu fulani ambacho hakukielewa. Akasema basi tu, ni bahati yake, labda hakupendeza machoni pa nesi. Aliyekuwa chini ya draya akainua kichwa: "Wewe ulitoa ngapi?" Akataja. Mwenzake alitoa zaidi. Wa tatu alitoa kidogo. Wa nne hakutoa kitu, kwa sababu mumewe anajuana na mtu. Wote zahanati moja, mwaka mmoja. Hadi dakika ile kila mmoja alikuwa anajua ni bahati yake mbaya mwenyewe, amekaa nayo nyumbani na aibu yake. Kwenye nywele zile zile ikageuka kuwa jambo la mtaa mzima.

Ile ndiyo kazi, kama mnauliza kazi. Ila njia ya kutoka, ndugu zangu, sisi hatukuipata. Mmoja alimwambia mumewe alipeleke kijiweni, kwa kuwa huko ndiko wanakojuana na diwani. Mume akarudi akasema walicheka, wakasema hayo mambo ya wanawake. Likafia hapo. Na watoto wakaendelea kuzaliwa kwa bei ya kukisia.

Halafu wapo wanaopenda kusema uhuru ulipatikana vijiweni. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam TANU hakwenda kugonga vikombe. Alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba. Alipitia kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu tayari vilikuwa na viongozi, michango, siku za kukutana, na hakuna mume aliyeviogopa. Wanaume walikuwa wanaona wanawake wanakwenda ngomani.

Kivunjwe? Hapana. Lakini kama kuna mbao, muongeze benchi, na msinyamaze tukipita.

---

Mtu wa Vuga:

Asalaam aleikum. Dada mjumbe, nakuomba radhi mapema, umesema vyama tuviache mlangoni na mie natoka Unguja, mlango wenyewe tumeupaka rangi ya chama.

Lakini kwanza neno. Hapa Mji Mkongwe baraza ni ile sakafu ya mawe iliyoshikana na ukuta wa nyumba upande wa njiani. Mwenye nyumba anajenga kwa pesa yake, halafu anayekaa ni yeyote. Hupigi hodi. Babu yangu alikuwa akiamka anakuta watu wasiomjua wanacheza keram kwenye ukuta wake, anawapelekea maji. Neno hilo hilo ndilo tulilolipa Baraza la Mawaziri na Baraza la Wawakilishi. Waliolichukua walijua wanakolitoa, waliolikalia sina hakika.

Kahawa na watawala ni ugomvi wa zamani kuliko huo wa London. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, wakaletwa na waganga watoe ushahidi kuwa inadhuru. Kilichomsumbua ni mikusanyiko ya usiku na maneno yake. Amri ikatenguliwa kutoka Misri.

Sasa kasoro yetu, mujifunze. Sisi tuna maskani, ndivyo tunavyoviita vijiwe, kila pembe, lakini kwa miaka mingi kila maskani ina chama chake. Jaws Corner, penye picha ya papa na simu ya ukutani isiyopiga popote, ni ya upinzani, inajulikana dunia nzima mpaka watalii wanapiga picha. Kisonge, pale Michenzani, ni ya CCM, na ubao wake wa chaki ulikuwa unasomwa na mahasimu kuliko wenyewe. Mazungumzo hayakosekani, usiku kucha. Lakini hapa wote wanakubaliana, na kule wote wanakubaliana. Mzee wa dele angekuwa Unguja zama zile angehitaji madele mawili.

Baada ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa upinzani kukutana, Novemba 5, 2009, niliona kitu nilichokuwa sijakiona tangu 1995: watu wa pembe ile wanapita pembe hii, wanasimama, wanakunywa kikombe. Kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ikapita kwa asilimia 66 na serikali ya umoja ikaundwa. Sisemi kahawa ndiyo iliyoleta. Nasema vikombe vilitangulia. Yaliyofuata munayajua, na mabenchi yakarudi kila mtu kwake.

Kwa hiyo kabla ya kupiga kura, tazama pale mwembeni wanabishana au wanaitikiana. Kama wanaitikiana tu, hiyo ni kwaya.

---

Jirani wa Moi Avenue:

Hamjambo kutoka Nairobi. Ndugu Fremu Nne anasema kijiwe kitahamia mwembe mwingine. Hapa kwetu tulikuwa na hizo fremu, ila zilikuwa ghorofa.

Jeevanjee Gardens ni bustani ndogo katikati ya jiji, ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 kukatoka mpango wa kuigeuza iwe maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza kampeni, mpango ukafa. Miaka miwili kabla, Wangari Maathai alikuwa amesimama kupinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa hadi bungeni. Nalo halikujengwa.

Nawaambia hivi kwa sababu ya kilichokuja baadaye. Pale Jeevanjee kuna Bunge la Mwananchi. Wasio na kazi, wachuuzi, mawakili waliochoka na chakula cha mchana cha ofisini, wanakaa kwenye viti vya saruji, kuna spika, unainua mkono, unapewa nafasi, ukitukana unanyimwa. Nilianza kwenda nikiwa sina kazi, 2007, nilienda kwa ajili ya kivuli. Nilijifunza huko kusema "sikubaliani na mwenzangu" bila kukunja ngumi. Bustani ingekuwa maegesho, sijui ningejifunzia wapi.

Mnamo Juni 2024 vijana walijadili Mswada wa Fedha kwenye simu, usiku kucha, maelfu kwa wakati mmoja, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili hata nyanya aelewe ushuru wa mkate. Simu ilifanya kazi ambayo Jeevanjee haingeweza. Lakini tarehe 25 ilipofika hawakubaki kwenye simu, walitoka barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Sijui kama mwembe wenu utawahi kubeba jambo zito hivyo. Natumaini hautahitaji.

---

Dele la Zamani:

Saloni, marahaba mwanangu. Umenipiga pahali pake. Nimekaa nikakumbuka: miaka kumi na tisa, wanawake walionunua kahawa yangu wakiwa wamekaa ni wawili. Mmoja alikuwa mama lishe wa Gerezani, anakaa kwenye kiti chake mwenyewe, kijiwe ndicho kilichomfuata yeye. Wa pili alikuwa amerukwa na akili, na nadhani hakuna aliyemwondoa kwa sababu alikuwa hahesabiwi. Ya pampu nimekumbuka pia. Pampu ilipoungua na kubadilishwa, wa kwanza kusema kwamba pampu mpya inaunguruma kama ya zamani walikuwa wanawake kwenye foleni ya ndoo. Sisi tulilipata neno lile siku nyingi baadaye, kupitia kwa mtoto aliyetumwa kahawa. Sijui kwa nini nililisahau kwenye hadithi yangu. Au najua.

Fremu Nne, vijiwe vinahama, ni kweli. Lakini kinachohama ni watu wa rika moja, wanaopigiana simu. Mpita njia hahami nacho. Fundi wa pampu alikuwa mpita njia.

Mjumbe, nakuomba kitu kimoja tu. Kabla ya Alhamisi, kakae. Usiende peke yako, na usiende na daftari.

---

Mjumbe wa Mwembeni:

Nimerudi. Kikao kimepita, ila nianze na Jumatano.

Nilikwenda na mjumbe mwenzangu mwanamke na mama anayeuza vitumbua jirani na pale. Tulifika saa kumi na moja kasoro. Wakanyamaza, kama kawaida. Tofauti ni kwamba safari hii hatukupita. Ikawa kimya kirefu, mtu anachezea kete. Mwishowe kijana mmoja akahamia kwenye gogo, tukakaa benchi. Muuza kahawa akanisuuzia kikombe mara mbili, nadhani kwa heshima.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuwachunguza. Nilitaka kujua wanabishana au wanaitikiana, kama alivyosema ndugu wa Vuga. Sikupata nafasi. Mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Binti, karatasi ya mapato na matumizi ya robo iliyopita iko wapi? Ubao wenu una tangazo la kliniki ya mbwa tu." Nikasema itabandikwa. Akasema, "Umeona au umeambiwa?"

Nawaapia sikumwambia mtu yeyote habari za uzi huu. Nikahisi jasho. Nikamuuliza hilo swali amelitoa wapi. Akasema ndivyo walivyozoea kuulizana tangu alipokuwa akikaa Jangwani, kabla ya mafuriko kuwahamisha.

Tulikaa saa moja na nusu. Walisema mpira, kweli. Walimsema mke wa mtu, kweli, mpaka mama wa vitumbua akawaambia huyo mke ni mdogo wake, wakameza maneno. Walibishana pia kuhusu mtaro wa nyuma ya soko, wawili nusura wapigane, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba fremu zile nne zingekaa juu ya mtaro ule. Kwenye ramani iliyoletwa kwetu ofisini mtaro haumo.

Alhamisi nikauliza juu ya mtaro. Mwenyekiti akasema hajaambiwa. Mwalimu mstaafu akakohoa. Kura haikupigwa, tumeahirisha wiki mbili ili mtaalamu wa halmashauri aje kutazama. Mwombaji amekasirika, mifuko yake ya saruji tayari imepangwa chini ya mwembe, na jana jioni nimeona watu wameikalia.

Saloni, benchi bado. Nimelitaja, wakaliandika kwenye "mengineyo".

---

Dele la Zamani:

Alhamdulillah. Mzee wa Jangwani, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto? Kama ndiye, mpe salamu, mwambie ni wa dele, atanijua.

Halafu hujasema. Kahawa ulilipa au ulilipiwa?

---

Mjumbe wa Mwembeni:

Kovu analo. Nililipiwa, na yule kijana wa gogo. Kesho zamu yangu.